Tusiwaandike watu kwenye blokcheni

Swali: "Niko ofisi ya udahili katika chuo. Kila msimu napokea vyeti kutoka nchi mbalimbali, na kuvihakiki kunachukua wiki, pengine miezi. Sasa kampuni moja imetuletea pendekezo: tuhamishie taarifa zote za wanafunzi wetu (majina, namba za vitambulisho, picha, alama za vidole na matokeo) kwenye blokcheni. Wanasema vyeti vya kughushi vitakwisha na hakuna mdukuzi atakayetugusa tena. Wakubwa zangu wameshavutiwa. Mimi roho inasita, ila sijui nieleze nini. Je, ni kweli dunia inaelekea huko, na je, tukubali?"

Ndugu yangu, roho yako inasita kwa haki. Nianze na jibu lenyewe, ili hata ukiishia aya hii uwe na la kuwaambia wakubwa zako: msikubali pendekezo hilo kama lilivyo. Utambulisho wa kidijitali unaohakikiwa kwa msaada wa blokcheni unazidi kupata uzito, na chuo chenu kinaweza kufaidika nao sana. Lakini kampuni hiyo imeushika kwa kichwa chini. Blokcheni, yaani daftari la pamoja lenye nakala kwenye kompyuta nyingi na ambalo kilichoandikwa humo hakifutiki, ni mahali pa kutunza yale ambayo kila mtu anaruhusiwa kuyajua kuhusu mtoaji wa cheti. Mambo ya mwenye cheti hayana kazi huko.

Nimekaa upande wako wa meza. Niliwahi kufuatilia cheti cha mwombaji mmoja aliyesoma katika chuo ambacho baadaye kiliunganishwa na kingine. Masjala ilikuwa imehamishwa, barua zikajibiwa na mtu asiyejua faili liko wapi, na uthibitisho ulipofika nafasi ya yule kijana ilikuwa imeshapita. Cheti chake kilikuwa halali tangu siku ya kwanza. Tangu hapo kila ninapopima mfumo wa uhakiki najiuliza swali lilelile: je, huyu aliyekuwa na haki yake angehudumiwa upesi?

Tazama jinsi uhakiki unavyofanyika sasa. Mwombaji anakuletea nakala, wewe unamwandikia aliyeitoa, unasubiri. Huku nyuma nakala yake ya kitambulisho imebaki kwako, nyingine iko benki, nyingine kwa mwenye nyumba, nyingine kwa kila mwajiri aliyewahi kumwita kwenye usaili. Kila ofisi inajenga ghala lake la siri za watu. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya Equifax, kampuni ya Marekani inayokusanya rekodi za mikopo, wakachukua taarifa za watu takriban milioni 147 kwa mkupuo. Wengi wa watu hao hawakuwahi kuipa kampuni hiyo taarifa zao kwa mikono yao wenyewe. Ghala likiwa kubwa, mwizi mmoja anatosha.

Na siku hizi kughushi kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Akili mnemba inatengeneza picha ya uso, sauti, hata video ya mtu anayeongea nawe moja kwa moja. Muhuri uliopigwa skani hauna tena uzito wowote wa ushahidi. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuuchora upya. Ndiyo maana serikali na vyuo vinatafuta ushahidi usiotegemea macho.

Ushahidi huo umekuwapo kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1976 watafiti Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la funguo mbili za kidijitali zinazokwenda pamoja, mmoja wa siri na mwingine wa umma. Chuo kikitia saini cheti kwa ufunguo wake wa siri, yeyote mwenye ufunguo wa umma wa chuo hicho anaweza kujua kwa sekunde kwamba saini ni ya chuo na kwamba hakuna herufi hata moja iliyoguswa baada ya kusainiwa. Hahitaji kupiga simu wala kuandika barua. Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wauzaji wanapopita haraka: kinachomzuia mghushi ni saini hiyo. Blokcheni bado haijaingia kwenye hadithi.

Inaingia pale panapobaki pengo. Mhakiki aliye mbali anajuaje kwamba ufunguo huu wa umma ni wa chuo chenu, wala si wa tapeli aliyefungua tovuti inayofanana na yenu? Je, ulikuwa bado halali siku cheti kiliposainiwa, miaka 12 iliyopita? Cheti chenyewe hakijafutwa baada ya udanganyifu kugunduliwa? Na chuo kikifungwa, au kikiunganishwa na kingine kama kile cha yule kijana wangu, nani atajibu maswali haya?

Kuna kisa ambacho kwangu kinaeleza jambo hili vizuri kuliko mchoro wowote. Mwaka 1991 watafiti Stuart Haber na Scott Stornetta walichapisha njia ya kuthibitisha kwamba hati fulani ilikuwapo siku fulani. Walitumia hashi. Hashi ni mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na hati. Ukibadilisha hata nukta, hashi inakuwa nyingine kabisa, na kutoka kwenye hashi peke yake huwezi kuirudia hati. Hashi za hati nyingi zilifungamanishwa pamoja hadi ikapatikana moja inayoziwakilisha zote, na kuanzia 1995 kampuni yao ikawa inaichapisha kila wiki kwenye matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Fikiria uzuri wake: gazeti likishatoka limesambaa majumbani na maktabani. Anayetaka kubadilisha hati ya mwaka juzi itambidi azunguke dunia akusanye magazeti yote ya wiki ile.

Blokcheni ndiyo gazeti lile. Andiko la Satoshi Nakamoto la mwaka 2008 lililozaa Bitcoin, sarafu ya kidijitali, lina marejeo 8 tu, na 3 kati ya hayo ni kazi za Haber na Stornetta. Leja moja, yaani daftari la kumbukumbu, inatunzwa na kompyuta nyingi zisizo chini ya bwana mmoja, kila bloku (fungu la kumbukumbu) limebeba hashi ya lililotangulia, na kulibadilisha la zamani ni sawa na kukusanya magazeti. Gazeti linafaa kwa tangazo la umma. Hakuna mtu mwenye akili timamu angechapisha humo namba ya kitambulisho cha mwanafunzi wake.

Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni huu. Chuo, ambacho ni mtoaji, kinaandika kwenye leja ufunguo wake wa umma na jina lake la kidijitali. Kinamkabidhi mhitimu cheti kilichosainiwa, naye anakihifadhi kwenye pochi ya kidijitali ndani ya simu yake. Mhitimu akiomba kazi, anakionyesha kwa mwajiri, ambaye ndiye mhakiki. Mwajiri anachukua ufunguo wa chuo kutoka kwenye leja, anakagua saini, basi. Chuo hakijui kwamba cheti kimeonyeshwa wala kimeonyeshwa kwa nani, na hilo ni heshima kubwa kwa mhitimu ambayo mfumo wa barua na simu haukuwahi kumpa. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, lilipitisha kiwango cha hati za aina hii mwaka 2019, na kile cha majina ya kidijitali yasiyotegemea msajili mmoja, DID, mwaka 2022. Viwango hivi vina maana kubwa kwako kuliko jina la blokcheni yoyote, maana ndivyo vinavyokuruhusu kubadilisha muuzaji bila kuvitupa vyeti mlivyokwisha kutoa.

Faida nyingine ni kufichua kiasi. Mtu anayetakiwa kuthibitisha kwamba ametimiza miaka 18 leo anaonyesha kitambulisho kizima: jina, tarehe kamili, pengine na mahali alipozaliwa. Hesabu za kuthibitisha jambo bila kufichua siri iliyo nyuma yake zilianzishwa mwaka 1985 na Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff, na sasa zinatumika katika baadhi ya pochi. Mhakiki anapata "ndiyo, ametimiza" na haambulii kingine. Kwenu inaweza kuwa "ndiyo, amefaulu somo hili" bila kufunua matokeo ya masomo mengine. Naona hapa ndipo utambulisho wa aina hii unapomgusa mtu wa kawaida, kuliko hata suala la kughushi.

Sasa turudi kwa kampuni yenu. Mkiwabana kuhusu faragha watasema, "Namba yenyewe hatuiweki, tunaweka hashi yake." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno, na imewaponza watu makini. Hashi hairudishwi nyuma, ni kweli. Lakini namba ya kitambulisho yenye tarakimu 8 ina uwezekano milioni 100 tu. Mtu anachukua kompyuta ya kawaida, anakokotoa hashi ya kila namba kuanzia 00000000 hadi 99999999, na ndani ya dakika chache ana orodha kamili. Kilichobaki ni kulinganisha. Hakuvunja kufuli lolote. Alijaribu funguo zote kwa kuwa zilikuwa chache. Tarehe za kuzaliwa ni chache zaidi, maana miaka 100 haina hata siku 37,000. Dawa yake ni kuchanganya taarifa na namba ndefu iliyochaguliwa kwa kubahatisha kabla ya kukokotoa hashi, na namba hiyo ikae kwa mwenye cheti tu. Niliwahi kukaa na timu ya wataalamu wazuri ambao hawakuwa wamelifikiria hili mpaka nilipowafanyia mbele yao. Chumba kilinyamaza. Walikuwa wameshapakia rekodi za majaribio za watu halisi kwenye leja ya wazi, na hakuna aliyeweza kuziondoa.

Hapo ndipo penye uzito wote: haziondoki. Sifa ileile inayoifanya blokcheni iaminike ndiyo inayoifanya iwe hatari kwa taarifa za mtu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe katika hali fulani, na nchi nyingi zina sheria zenye haki ya namna hiyo. Mtaifuta vipi taarifa iliyo kwenye maelfu ya kompyuta msizozijua? Wengine hujibu kwamba imesimbwa kwa siri, hivyo haisomeki. Haisomeki leo. Usimbaji unaotuliza roho zetu sasa unaweza kuvunjwa baada ya miaka 20. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa Agosti 2024 viwango vya kwanza vya usimbaji wa kukabili kompyuta za kwanta, kompyuta za aina mpya zinazohofiwa kuvunja usimbaji wa sasa, kwa sababu hatari hiyo inachukuliwa kwa uzito. Mwanafunzi wako wa miaka 19 atakuwa na miaka 39, na alama za vidole zilezile. Nenosiri likivuja linabadilishwa. Kidole hakibadilishwi. Kwa alama za vidole na picha za uso, ndugu yangu, usikubali hata kwa hashi, hata kwa majaribio.

Jambo la pili la kuwaambia wakubwa zako ni kwamba blokcheni haijui ukweli. Inajua tu kwamba jambo liliandikwa, liliandikwa lini, na kwa ufunguo upi. Karani akihongwa akasajili mhitimu hewa, leja itautunza uongo huo kwa uaminifu uleule inaotunzia ukweli, tena utaonekana wa kuaminika zaidi kwa sababu umetoka "kwenye blokcheni". Ahadi kwamba vyeti vya kughushi vitakwisha ni ahadi ambayo hakuna programu inayoweza kuitimiza. Cheti kilichobadilishwa baada ya kutolewa, hicho kitanaswa. Cheti cha uongo kilichotolewa na ofisi yenyewe hakitanaswa. Kwa hiyo nani anashika ufunguo wa siri wa chuo, na je, mtu mmoja anaweza kusaini peke yake usiku wa manane? Ningependa saini ihitaji watu wawili angalau, na ufunguo ukae kwenye kifaa maalumu ambacho hakiutoi nje hata kwa msimamizi wa mitambo.

Funguo pia huharibika. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Masaryk cha Czechia waligundua kasoro katika jinsi chipu fulani zilivyotengeneza funguo, na Estonia ikajikuta na vitambulisho takriban 760,000 vyenye chipu hizo. Novemba mwaka huo serikali ilisimamisha vyeti vya kidijitali vya kadi hizo na kuwapa watu njia ya kuvisasisha. Nchi haikusimama, kwa sababu funguo zilikuwa zinabadilishika. (Utasikia ikisemwa kwamba mfumo wa Estonia wa kubadilishana taarifa, X-Road, ni blokcheni. Si kweli, ingawa nchi hiyo inatumia teknolojia ya hashi zilizofungamanishwa kulinda baadhi ya kumbukumbu zake.) Waulize wauzaji wenu: ufunguo wa chuo ukiibwa kesho saa nne asubuhi, tunafanya nini, na vyeti vilivyosainiwa jana vinabaki na hali gani? Mhitimu akipoteza simu, anapata cheti chake vipi? Jibu la kwamba "ufunguo ukipotea ndiyo umepotea" linaweza kuvumilika kwa anayecheza na sarafu za kidijitali. Kwa shahada ya mtu ni ukatili.

Kufuta cheti nako kunahitaji uangalifu, maana orodha ya vyeti vilivyofutwa yaweza kugeuka orodha ya aibu ya watu. Njia nzuri iliyopo ni safu ndefu ya sifuri na moja, ambamo kila cheti kina nafasi yake na mwenye cheti, chuo kilichokitoa na yule anayeonyeshwa cheti tu ndio wanaojua nafasi hiyo ni ipi. Kiwango cha W3C kinataka safu iwe na nafasi zisizopungua 131,072, ili anayechungulia asiweze kubahatisha nani ni nani.

Umeuliza kama dunia inaelekea huko. Inaelekea, ila kwa njia zaidi ya moja. Mwaka 2017 chuo cha MIT kiliwapa wahitimu 111 shahada za kidijitali ambazo hashi yake iliandikwa kwenye blokcheni ya Bitcoin. Shahada zenyewe zilikaa kwenye simu zao. Bhutan ilizindua utambulisho wa kitaifa wa aina hii mwaka 2023, kwanza juu ya leja ya Hyperledger Indy, kisha ikahamia Polygon, na mwaka 2025 ikatangaza kuhamia Ethereum. Mfano huo naupenda, maana nchi imeweza kuhama leja kwa kuwa hati za raia hazikuwa humo. Zilikuwa mikononi mwa raia. Chuo kilichofuata ushauri wa kampuni yenu kingehama vipi? Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni iliyoanza kutumika Mei 2024, unazitaka nchi wanachama ziwe na pochi ya utambulisho ya kumpa kila raia ifikapo mwisho wa 2026, na kanuni hiyo hailazimishi blokcheni. Pochi, saini na kufichua kiasi ndivyo vinavyoshinda kila mahali. Leja ni chaguo mojawapo la kujibu swali la funguo.

Basi chuo chenu kinaihitaji leja? Kama vyeti vyenu vinahakikiwa na taasisi chache mnazofahamiana nazo, kuchapisha ufunguo wenu kwenye tovuti yenu iliyolindwa vizuri kunatosha, na msione haya kuwaambia hivyo wanaowauzia. Mimi binafsi naona blokcheni inastahili gharama pale watoaji ni wengi, wako nchi tofauti, hakuna anayekubali mwenzake awe mshika daftari, na kuna uwezekano wa kweli kwamba baadhi yao hawatakuwapo mhitimu atakapostaafu. Wewe umesema vyeti vinakujia kutoka nchi mbalimbali. Kwa hiyo yenye manufaa kwenu ni leja ya pamoja ya vyuo vingi, ambamo kila kimoja kinaandika ufunguo wake. Leja ya kampuni moja, inayoendeshwa kwenye seva za kampuni hiyo peke yake, ni kanzidata ya kawaida yenye bei kubwa. Kampuni ikifunga milango, nayo imekwenda.

Ukienda kwenye kikao, omba mambo machache yaandikwe kwenye mkataba: taarifa yoyote ya mtu haiingii kwenye leja kwa umbo lolote, vyeti vinafuata viwango vya W3C, ufunguo wa siri unabaki mikononi mwa chuo, na programu ya kuhakiki iweze kutumiwa na yeyote bila kulipa wala kujisajili. Kisha anzeni na kundi moja dogo la wahitimu, huku vyeti vya karatasi vikiendelea kutolewa kama kawaida, maana wapo wasio na simu janja na haki yao ni ileile. Katika kundi hilo, tengenezeni makusudi cheti kimoja cha majaribio kilichofutwa, kingine kilichobadilishwa alama moja, na kingine kilichosainiwa kwa ufunguo uliokwisha muda. Mpe kila kimoja mtu wa nje ambaye hakuwa kwenye mafunzo, umwache akihakiki peke yake, ukiandika kila anapokwama.